Bonyeza Mpaka Ukucha Uwe Mweupe

Mwanangu Mwavita,

Umeenda kuwaaga shangazi zako upande wa soko, na ninavyowajua hawatakuachilia mapema. Kwa hiyo nimechukua biki na karatasi za kituo cha afya, zile zenye mistari ya kuandikia wagonjwa, nikakaa hapa mlangoni. Kesho alfajiri pikipiki ya Kindu itapita kukuchukua, na ukifika Kindu utatafuta njia ya Kisangani, kwenye masomo yako ya udaktari. Mama yako amekwisha kukuusia ya maji, ya chandarua, ya wanaume, ya swala, na ya kuficha pesa penye mshono wa kikwembe. Sina la kuongeza hapo. Amesema yote, na amesema mara tatu.

Mimi nataka kukuandikia jambo moja ambalo tumeishi nalo miaka mitano bila kulitaja. Tangu matokeo yako yafike, watu wa mtaa wananipa mkono barabarani. "Infirmie Ramazani amezaa docta." Nacheka, nashukuru, napokea mikono yao. Furaha niliyo nayo ni kubwa, sitaificha. Lakini kila mtu akinipongeza, nakumbuka siku tulipokuwa mbele ya Docta Faida, nami nikakuambia unyamaze.

Nianze mahali ambapo ulikuwa bado mdogo, na huenda hukumbuki yote.

Tulikuwa tunakaa Lusangi. Mimi ndiye niliyekuwa infirmie wa kituo, muuguzi peke yangu na mkunga mmoja, na wagonjwa wangu walikuwa wakulima na wachimba dhahabu. Mama yako alikuwa anakaanga mikate asubuhi kando ya njia ya kwenda machimboni. Unajua mikate yake. Wachimbaji walitoka kila upande, Waislamu kwa Wakristo, na wote walisimama mstari mmoja mbele ya karai lake. Jua likipanda kidogo, beseni lilikuwa tupu.

Ndipo yakatoka mabaka kwenye viwiko. Mekundu, manene, na juu yake magamba meupe yanayodondoka ukiyagusa. Nikampa pomada ya kupaka. Yakaenda kwenye magoti, yakaenda kichwani, yakashuka kwenye miguu. Nikabadilisha pomada. Siku moja mchimbaji mmoja akamwambia mwenzake, mama yako akisikia: "Usinunue hapo. Ule mama iko na ukoma." Wiki ile beseni lilirudi nyumbani limejaa, na sisi tukala mikate mpaka tukakinai.

Nitakueleza kitu ambacho mama yako mwenyewe hajui. Mchana mmoja alikuwa amelala mkekani, nikachukua pamba, nikaisokota iwe ncha nyembamba, nikamgusa nayo juu ya baka. Mtu wa ukoma hasikii mguso pale penye ugonjwa. Alishtuka, akauliza, "Baba Mwavita, ni nini?" Nikamjibu, "Inzi." Nilifurahi kwamba alisikia. Na niliona haya, kwa sababu nilikuwa nimempima mke wangu kwa siri kama mwizi, badala ya kumwamsha na kumwambia ninachoogopa.

Baadaye vikaja vidole. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilivimba chote, kutoka shinani hadi ncha, kikawa kama ndizi. Kucha zikaingia vitundu vidogo, kana kwamba mtu amezidonoa kwa sindano. Visigino vikaanza kumuuma. Akiamka asubuhi mwili ulikuwa kama gogo. Mimi nilikuwa nampa vidonge vya maumivu na kuandika kwenye kitabu cha kituo: rimatizime. Mwezi mwingine: malaria. Mwezi mwingine tena: rimatizime. Ya ngozi niliyaandika ukurasa wake na ya viungo ukurasa wake. Miaka mitatu, Mwavita, sikuwahi kuyaweka kwenye mstari mmoja. Nilikuwa na kazi ya miaka mingi mgongoni, na sikuona.

Aliyeona ni Docta Faida. Wakati huo alikuwa anakuja Kasongo kutoka Kindu kila baada ya miezi mitatu. Nilimpeleka mama yako kwa sababu ya vidole tu. Docta hakuangalia vidole kwanza. Alishika mkono, akaugeuza, akaangalia kucha, halafu akamwambia avue kitambaa cha kichwa. Akauliza ngozi ilianza lini na viungo vilianza lini. Akasema, "Ramazani, hizi haziko magonjwa mbili. Ni moja. Inaitwa soriasi. Inakula ngozi, na kwa watu wengine inaingia mpaka kwenye viungo. Haiambukizi. Muendelee kula sahani moja."

Mama yako alilia pale. Hakulilia ugonjwa. Alilia lile neno la sahani moja.

Docta alitupa dawa ya kumeza mara moja kwa wiki. Tulichagua Alhamisi, na alinirudia mara nne kwamba si kila siku, kwa sababu dawa ile ikimezwa kila siku inaua. Akataka damu ipimwe, maini yaangaliwe. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo mzizi wa barua hii: "Nitaanza na kipimo kidogo cha dawa. Sitakuwa Lusangi kuona. Wewe ndiye utanipimia, na hesabu yako ndiyo itaniambia kama niongeze au niache."

Akanifundisha. Ugonjwa huu, alisema, hauna kipimo kimoja cha damu kinachokuambia umepanda au umeshuka. Mwenye ugonjwa anaweza kuwa na damu nzuri na vidole vinaharibika. Kwa hiyo unahesabu kwa mikono na macho. Viungo sitini na nane unavibonyeza kimoja kimoja, unaandika vinavyouma. Halafu unaviangalia na kuvipapasa tena, unaandika vilivyovimba, na hapo vinakuwa sitini na sita, maana nyonga mbili ziko ndani mno, huwezi kuona zikivimba. Ngozi unaipima kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake: mabaka yote yakikusanywa yangefunikwa na viganja vingapi. Unabonyeza kisigino pale mshipa mnene unaposhika mfupa. Maumivu unamwachia mgonjwa aweke alama yake kwenye mstari, kutoka hakuna hadi yasiyovumilika. Mwisho unamuuliza anaweza kufanya nini kwa mikono yake.

"Na ukibonyeza," alisema, "bonyeza mpaka ukucha wa kidole gumba chako wewe uwe mweupe. Chini ya hapo unabembeleza, haupimi."

Nilirudi Lusangi na kaye mpya, daftari la namba zake tu, nikaichora mistari vizuri. Mara ya kwanza nilihesabu viungo kumi na tisa vinavyouma na kumi na kimoja vilivyovimba. Ngozi viganja sita. Nilipanda mlima wa rezo, pale simu inaposhika, na kumtumia docta kwenye simu.

Sasa ndipo kosa langu. Mara ya kwanza nilibonyeza sawasawa, na mama yako akang'ata ncha ya kikwembe asilie. Mara ya pili sikuweza. Sikusema moyoni kwamba nitadanganya. Hakuna siku niliyokaa nikapanga uongo. Kidole changu tu kilikataa kwenda chini. Kilifika juu ya kiungo, kikagusa, kikaondoka. Nilimuuliza, "Hapa?" Akajibu, "Kidogo tu." Nikaandika hakuna. Tena nilikuwa nampima saa kumi ya alasiri, nikitoka kazini, wakati mwili wake umekwisha kupata joto la siku nzima na vidole vimelegea. Nikapata kumi na mbili. Mwezi uliofuata nane. Mwezi uliofuata tano.

Na ngozi kweli ilikuwa inapona. Hilo halikuwa uongo. Mabaka ya viwiko yalififia, ya miguu yakabaki alama. Wachimbaji wakarudi kwenye beseni lake. Nilipita asubuhi moja nikakuta mstari wa watu kama zamani, nikasema moyoni, mke wangu amepona. Ngozi ndiyo watu wanayoiona, na mimi nikaiona kwa macho ya watu. Sikujua kwamba ngozi inaweza kwenda mbele na viungo vikabaki nyuma vinaungua. Nilimwandikia docta: dawa inafanya kazi. Akajibu: vizuri, tuendelee na kipimo hiki hiki.

Nilijivunia, nikuambie ukweli. Nilimwonyesha mkunga ile kaye yangu, namba zinavyoshuka kama ngazi.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na tano. Mimi nilikuwa natoka nyumbani alfajiri kwenda msikitini, na kutoka pale naenda moja kwa moja kituoni. Sikujua kwamba unga ulikuwa unakandwa na wewe. Sikujua kwamba ni wewe uliyemfunga mama yako kikwembe, uliyemshikia kikombe, uliyegeuza mikate mafutani, halafu ukambebea beseni mpaka njiani, ukamketisha nyuma yake kama mtu aliyeipika mwenyewe, ndipo ukakimbilia shuleni. Wanunuzi waliona mama aliyepona. Mimi pia.

Uliniuliza mara moja. Nakumbuka kabisa, nilikuwa nanawa mikono kwa chakula. Ulisema, "Baba, mama unamupimaka saa ngapi?"

Nikakujibu, "Saa kumi. Kwa nini?"

"Umupime asubuhi."

Nikasema asubuhi nina wagonjwa. Hukurudia tena. Nilidhani umesahau. Kumbe ulinunua kaye yako.

Miezi sita ilipofika, tukaenda Kasongo kwa pikipiki mbili ili docta amwone mama yako, na uliomba kufuatana nasi. Nilifikiri unataka kuona mji. Tuliketi mle chumbani, mimi nikatoa kaye yangu, nikaiweka mezani kama mwanafunzi mwenye alama nzuri. Docta akaifungua, akafurahi, akaanza kusoma. Ndipo ukatoa yako kutoka ndani ya kikwembe.

"Docta," ulisema, "ile kaye ya baba haiko uongo. Lakini iko ya saa kumi. Mimi niko na ya asubuhi."

Damu ilinipanda kichwani. Nilisema, "Nani amekuuliza? Mutoto anyamaze wakubwa wakiongea." Nikamgeukia docta, nikasema, "Ni mutoto, docta. Hajui hizi vitu."

Hukunyamaza, wala hukubishana. Uliisukuma tu ile kaye mezani mpaka ikakaa kando ya yangu, kisha ukarudisha mkono wako mapajani. Docta akaisoma kurasa nyingi. Nimeisoma baadaye mara nyingi, naijua karibu yote. Kila siku mstari wake. Kufunga kifungo, hapana. Kukanda unga, hapana, nimekanda mimi. Kubeba ndoo, nusu. Kushika mchi wa kutwangia sombe, amejaribu, ameacha. Kuchutama chooni, nimemshika. Na kwa sababu simu ya nyumba nilikuwa natembea nayo mimi, uliandika muda kwa jua: vidole vimekubali kukunjika jua likifika kwenye bati la jirani; leo jua limepita bati, bado.

Docta aliweka kaye zote mbili mbele ya mama yako. Akasema, "Mama Mwavita, mwili ni wako. Gani inasema ukweli?"

Mama yako aliniangalia. Halafu akanyanyua mkono wenye kile kidole, akauweka juu ya yako. "Hii," akasema.

Picha ya mifupa ilipotoka, docta aliishika kwenye dirisha, akatuonyesha kiungo cha kidole cha kati. Pembeni mwa mfupa palikuwa pametafunwa, kama panya amepita. Hakunigombeza. Aliniambia tu, kwa sauti ya chini, "Ramazani, miezi sita nilifikiri dawa inatosha." Heri angenipiga kofi.

Njiani kurudi nilikupakia pikipiki nyingine. Siku nne sikusema na wewe. Ulinipa maji ya kunawa, nikayapokea bila kukuangalia. Uliniamkia, nikaitikia kwa kichwa. Nilijiambia nakufundisha adabu. Lakini nilikuwa natafuta mtu wa kumwekea aibu yangu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Siku ya nne mama yako aliniita nyuma ya nyumba. Alisema, "Baba Mwavita, usimukasirikie mutoto. Mimi ndiye nilikudanganya. Kila ukinibonyeza ulikuwa unakunja uso wewe, kama wewe ndiye unaumia. Nilikuwa nakuonea huruma. Nikasema kidogo tu, ili umalize."

Nikamwambia na mimi nilikuwa sibonyezi. Tukatazamana. Watu wawili tumeoana miaka kumi na saba, kila mmoja anamficha mwenzake maumivu yale yale, na katikati yetu kidole kinaliwa. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, halafu mmoja wetu hakucheka tena, na sitakuambia ni nani.

Kesho yake sikwenda msikitini. Niliswali nyumbani, nikaingia jikoni kungali giza. Ulikuwa umeinama juu ya unga. Mama yako alikuwa kwenye kigoda, ameipakata mikono yake kama vitu vya mtu mwingine. Nikakuambia, "Nionyeshe."

Nilitegemea utanieleza. Wewe ulipangusa unga, ukashika mkono wangu, ukakiweka kidole gumba changu juu ya kiungo cha mama yako, na juu ya kidole changu ukaweka chako. Ukasukuma. Nilitaka kuvuta. Ukanishika kwa nguvu, nguvu ya mtu aliyekanda unga miezi sita. Mama yako alivuta pumzi kwa meno. Ukasema, "Bado, baba. Haujakuwa mweupe." Ukasukuma tena, na mimi nikaona ukucha wangu mwenyewe unapauka, na uso wa mama yako ukasema yote ambayo mdomo wake ulikuwa unanificha.

"Hapo," ulisema. "Sasa andika."

Kumi na saba vinavyouma. Tisa vilivyovimba. Ndivyo tulivyoanza upya.

Mengine unayajua, ulikuwepo. Docta aliongeza kipimo, na baadaye akabadili vidonge kuwa sindano, nikawa namchoma mimi kila Alhamisi. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kabla jua halijatoka, tulikuwa tunahesabu wawili, mmoja anabonyeza, mwingine anaandika, mwezi ujao tunabadilishana ili mkono wa mtu mmoja usiwe sheria. Kumi na saba ikawa kumi na moja. Haikushuka haraka kama ile ngazi yangu ya uongo, ilishuka kama mtu anayeteremka kilima chenye matope. Ile miezi miwili barabara ilipofungwa kwa sababu ya vita na dawa hazikufika, ilipanda tena, na tuliijua mapema kabla mama yako hajakubali kuisema. Dawa ziliporudi tukaanza pale pale.

Unakumbuka ile karatasi ya docta yenye mambo saba? Kiungo kinachouma kisizidi kimoja, kilichovimba kisizidi kimoja, ngozi isizidi viganja vitatu, na mengine yale ya maumivu, ya kazi za mikono, ya visigino, na ya mama mwenyewe anavyojiona. Docta alisema akitimiza matano kati ya saba, hapo ndipo anapotaka afike na akae. Ijumaa tuliyofika matano, wewe ndiye ulikuwa na kalamu. Uliandika tano, ukazungushia duara, ukaenda kuteka maji. Mimi nilimuuliza mama yako kama anataka chai.

Hajapona, na hatapona. Kile kidole cha kati kimekakamaa, hakikunjiki tena, na kitabaki hivyo. Ningekibonyeza sawasawa mwezi wa pili, pengine kingekunjika leo. Hilo nalibeba mimi. Usinisaidie kulibeba, halikuwa lako hata siku moja.

Lililo lako ni hili. Ulikuwa msichana wa miaka kumi na tano mbele ya baba yako na mbele ya docta, umekatazwa kusema, na ulisema, kisha hukunitukana. Ulisema kaye yangu haiko uongo, iko ya saa kumi. Nimelifikiri neno hilo miaka mitano. Ungeweza kusema baba anadanganya, na ingekuwa kweli. Ulichagua njia ya kusema ukweli ambayo iliniachia mlango wa kurudi. Sijui ulilipata wapi neno hilo. Si kwangu.

Huko Kisangani utafundishwa vipimo vikubwa, vyenye mashine. Najua utavishika, sina wasiwasi na kichwa chako. Nikifikiri juu yako nafikiri jambo dogo zaidi. Itafika siku utakayochoka, au utakayompenda mgonjwa, au utakayotaka sana dawa yako ifanye kazi, na mkono wako utapenda kugusa tu na kuondoka. Utaujua ulaini ule ukikujia. Mimi sikuujua, niliuita huruma.

Na sasa niseme lile nililoshindwa kusema siku nne zile, na miaka mitano baada yake. Nilikukosea. Nilikukosea mbele ya docta, na nilikukosea zaidi njiani kurudi. Kukuambia "nionyeshe" jikoni haikuwa kuomba msamaha, ilikuwa njia ya baba kukwepa kuomba. Nisamehe, mwanangu. Naandika kwa sababu najua nikikutazama kesho asubuhi nitaanza kuuliza kama begi limefungwa vizuri.

Bado jambo moja, kisha nitaweka kalamu, maana nasikia sauti za watu njiani na huenda ni wewe.

Mwezi uliopita nilipokwenda Kabambare nilikuambia ni mkutano wa kazi. Haukuwa mkutano. Wakubwa wa eneo la afya waliwakusanya mainfirmie wa vituo vya vijijini, wanane, wakaniomba niwafundishe namna ya kumpima mtu mwenye ugonjwa kama wa mama yako, kwa sababu imeonekana wako wengine, wamefichwa majumbani wanaitwa wenye ukoma. Niliwafundisha siku mbili. Viungo sitini na nane, sitini na sita, viganja, visigino, mstari wa maumivu. Niliwaambia wapime asubuhi. Niliwaambia wamuulize anayeishi na mgonjwa, hata akiwa mtoto. Niliwafanya wabonyezane wao kwa wao mpaka kucha ziwe nyeupe, na wanaume wawili wakalalamika.

Siku ya pili mama mmoja, infirmie aliyenizidi miaka, aliinua mkono. Akauliza, "Na wewe, nani alikufundishaka?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi. Kila mara najibu Docta Faida, na ni kweli nusu. Safari hii nilisema, "Binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na tano. Na siku aliyoanza kunifundisha, nilimukasirikia."

Yule mama akafungua kaye yake mwanzo kabisa, akanyoosha ukurasa kwa kiganja.

"Anaitwa nani?" akauliza.

Nikamtajia polepole, Mwavita binti Ramazani, naye akaliandika juu ya ukurasa, mahali panapoandikwa jina la mwalimu.

Mwenyezi Mungu akutangulie njiani, mama.

Baba yako,
Ramazani